Chembe

Januari, Riga. Betri naiatamia kwapani
kama yai linalongoja kuanguliwa;
baridi hii hunyonya umeme
kabla kidole hakijafika kitufeni.

Dzintra anakwangua barafu kwenye kioo cha tramu yake.
Mvuke wa pumzi umemla nusu ya uso.
"Piga upesi," anasema, "nina abiria kumi
na kope zinagandana."

Nimejifunza: usiiamini kamera mbele ya theluji.
Ikiona weupe mwingi hushtuka,
ikaupaka majivu. Sharti uibishie,
uiongezee mwanga inaoukana yenyewe.

Nageuza pete ya lenzi. Krrr.
Kitu kinasaga humo ndani.

Chembe ya mchanga.

Ni ya Julai, ya ufuko wa Jurmala,
siku Dzintra huyu huyu alipolala chali,
kofia ya gazeti usoni, nyayo nyeupe
kama mkate ambao haujaona tanuri,
watoto wa dada yake wakimfukia magoti
naye akijifanya maiti, hadi akaangua kicheko
na kaburi lote likapasuka.
Siku ile pia kamera ilisema uongo:
mchanga unaowaka jua
iliuita kijivu.

Fundi Gunvaldis anataka euro arobaini kuitoa.
Nimemwambia aiache.

Tramu inaondoka. Kengele moja, waya unatema cheche.
Nalenga. Pete inasaga.
Kila picha ya theluji mwaka huu
nitaipiga nikisikia
kiangazi kikitafunwa polepole.