Saba au Moja

Chini ya boneti kuna kibandiko, kimekunywa mafuta,
mwandiko wa kaka yangu Suso, wa mtu mwenye haraka:
moja, kisha tarakimu yenye kofia,
kisha mbili, kisha sifuri tatu.

Kwetu Galisia moja huvaa kofia, na saba pia.
Tofauti ni mkanda: saba hufungwa mstari kiunoni,
moja huenda hivi hivi.
Na hapo kiunoni, hapo hapo,
pametua tone la oili.

Ikiwa ni saba, nina miaka.
Ikiwa ni moja, nina siku kumi na moja za kugawa mkate.
Suso yuko Uswisi, hufanya kazi usiku,
mchana simu yake hulia peke yake.

Kwa siku tatu niliendesha nikitega sikio.
Gari la mkate halijui kuficha:
trei hugongana, mlango wa nyuma hunung'unika kila kona,
na kwenye mwinuko wa Vilarmeá
hata unga uliobaki sakafuni huhama upande.
Breki hulia. Beringi huguna.
Betri hukohoa wiki nzima kabla ya kuaga.
Lakini mkanda wa taimingi hunyamaza,
hunyamaza,
mpaka asubuhi moja, gia ya pili, mvua usoni,
valvu na pistoni zikutane ana kwa ana
katika chumba zilimokuwa zikipishana kwa adabu.

Fundi Fiz akataja bei: euro mia sita na arobaini,
pamoja na pampu ya maji, "maana nikishafika huko
ni ujinga kuiacha ile ya zamani."
Nikageuza bei kuwa mikate.
Mikate mia nne,
kama unga ungekuwa bure, na kuni, na mgongo wangu.

Akavua gurudumu la kulia,
akaitegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao,
akaweka vitone vya rangi nyeupe kwenye puli
ili kila jino likumbuke kwao.
Mkanda mpya ulipokaa, hakugusa ufunguo.
Akaizungusha injini kwa spana, polepole, mara mbili,
kichwa kimeinama, pumzi ameishika,
na mimi yangu.

Kisha akanirushia ule mkuukuu.
Nikaukunja. Nikaunusa. Nikatafuta ufa.
Wahenga waliagiza ufa uzibwe;
pasipo ufa hawakutuachia neno.
Meno yote yamo, kinywa cha kijana.
"Mbona mzima?" nikasema, kwa uchungu wa aliyelipa.
Fiz akapangusa mikono, kidole baada ya kidole.
"Ulitaka nikupe uliokatika?"

Kesho yake nilikuwa langoni kwa Xenerosa,
mfuko wake wa kitambaa unaning'inia kwenye komeo,
sarafu zimefungwa fundo kwenye pembe,
simu ikaita. Basel.
"Dosinda, kibandiko kipi? Kile? Kile ni cha oili, dada.
Mkanda sijawahi kuugusa. Ni ule uliotoka nao kiwandani."

Laki mbili na thelathini na moja elfu.
Kila mwinuko, kila jalidi, kila Krismasi
na keki za watu zimejaa hadi dari,
na mara ile nilipombeba mtoto wa Obdulia
usiku, hospitalini, mguu wangu umekanyaga hadi sakafu.

Sikumwambia Suso kitu. Nikamuuliza kama anakula.
Injini ilikuwa inanguruma taratibu,
haijui lolote.

Nikafungua boneti palepale, mvua inanyesha,
nikabandika kibandiko kipya.
Nikaandika MKANDA kwanza, kwa herufi kubwa,
kisha namba, kalamu ikikwama kwenye unyevu,
na ile moja ya mwisho
nikaivua kofia.

Dirisha likafunguka juu yangu.
"Dosinda! Leo hukupiga honi.
Nilidhani huji."