Ploti Hii Haiuzwi

Mkataba wa anga haukufa kwa kishindo.
Uliisha muda, kama leseni ya kibanda Ngara,
na hakuna aliyekwenda kaunta kuulipia.

Siku ya tatu Musembi akanijia ofisini, Kirinyaga Road,
ghorofa ya pili, juu ya duka la spea,
akatandaza ramani mezani, nusura aimwage chai.
"Kerubo, wewe ni mpima ardhi. Nipimie hapa."
Nikatazama. Hapakuwa na barabara wala mto,
wala jina la jirani. Palikuwa na mashimo,
na kivuli ambacho jua halijawahi kukigusa.
"Mna barafu," akanong'ona,
kama dalali anavyonong'ona kwamba lami inakuja.

Nimeipima Nairobi miaka ishirini na sita.
Naujua udongo mweusi wa Embakasi,
unavyoimeza bikoni mvua za Aprili
na kuitapika Agosti, mita mbili ndani ya shamba la mjane.
Nazijua hatimiliki tatu za ploti moja,
zote zina muhuri, zote zina saini,
na mwenye ya nne ndiye mwenye tingatinga.
Naujua uwanja wa shule
uliolala uwanja, ukaamka ukuta.

Kwa hiyo nilipoambiwa huko juu hakuna sheria tena,
anayefika kwanza ajichukulie,
sikuuona mwezi.
Niliiona Embakasi isiyo na mvua.

Wakaenda. Wenye roketi kwanza,
kisha waliowakopesha wenye roketi,
kisha kampuni zisizo na mlango, zenye sanduku la posta tu.
Shimo la barafu likazungushiwa uzio.
Wengine wakafika usiku
(na usiku wa huko ni wiki mbili nzima)
wakahamisha bikoni.
Chifu hakuna. Korti ya Milimani haifiki.
Hakuna hata mama wa kupiga nduru
majirani watoke na marungu.
Nduru haisikiki pasipo hewa.

Na hapa kwetu, hatua chache kutoka ikweta,
setilaiti za watu zimejipanga juu ya vichwa vyetu
mstari mmoja, bega kwa bega,
na hazijalipa hata shilingi ya kusimama.
Mwenye meza Gikomba hulipa kila asubuhi,
mvua inyeshe, moto uwake.

Nilimpimia Musembi. Siwezi kukana.
Aliuza robo ekari yake ya Kamulu,
nami ada yangu ikalipa karo ya muhula mmoja.
Nilichora mstari mzuri, wino mweusi, kona nne,
nikatia sahihi mahali nisipoweza kukanyaga.

Jana binti yake, Nzilani, alikuwa akianua nguo
juu ya paa la fleti, Pipeline.
Mwezi ulikuwa mzima, umetulia katikati ya kamba.
"Shangazi, yetu ni ipi?"
Nikanyoosha kidole.
Kidole changu kikafunika milki za watu elfu.

Mjini hapa tunaandika ukutani kwa rangi nyekundu:
PLOTI HII HAIUZWI.
Mgeni hudhani mwenyewe ana kiburi.
Hapana. Anayeandika hivyo
ameshasikia kwamba imeuzwa.

Kopo la rangi ninalo, chini ya meza,
na brashi ya inchi nne.
Ninachokosa ni ngazi.