Nakala Nyepesi

Feni inalia tangu magharibi.
Mwenye kelele hana neno, na kweli
mashine hii haina neno:
picha imeganda, mguu hewani,
na Don Wálter Poma, aliyelipia bendi tatu
na kreti za bia mia mbili,
ananing'inia juu ya barabara ya El Alto
kama shati lililosahauliwa kambani.

Ijumaa asubuhi anataka sikukuu yake.
"Binti Huarachi, si nyayo tu na tarumbeta?
Kuna kazi gani hapo?"

Kuna saa tisa hapo.
Mpwa wangu Rúben alirekodi kwa simu mpya,
ubora wa juu kabisa,
kila ushanga na kivuli chake,
kila tone la jasho na uzito wake.
Na mbebaji ni huyu wa miaka kumi na moja,
niliyemnunua sokoni siku ya Alhamisi
bila kitufe cha Ñ.
(Ukoo wa Núñez bado wamenuna.)

Mita elfu nne juu ya bahari
hewa hugawiwa kwa kijiko.
Wageni hupanda ngazi zetu wameshika ukuta.
Nani kasema chuma hakitweti?

Nikachukua bisibisi ya miwani.
Skrubu kumi, moja ikakimbilia chini ya kitanda.
Ndani, vumbi limejifuma blanketi,
na katikati yake vimetameta vya mavazi,
vya sherehe nilizozikata na kuzisahau.
Nikapiga mswaki mapanga ya feni.
Dawa ya joto ilikauka kama ukoko wa uji;
nikaikwangua, nikaweka mpya,
kiasi cha punje ya kinoa, isizidi.

Kumbukumbu niliipata kwa Severo jirani.
Ajabu yake: huchomolewa kwa marehemu
ikapachikwa kwa mgonjwa, ikafanya kazi
bila kukumbuka ilikotoka.
Nililipa kwa video ya ubatizo.

Nikafunga madirisha yote kwenye skrini,
hali ya hewa, bei za viatu,
na yule bwana wa La Paz
anayeandika kila saa asiseme jambo.

Bado ikakwama. Pale pale. Mguu hewani.

Basi nikaacha kumlazimisha.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
nami usiku kucha nilikuwa namtwika mawe
nikimwita mvivu.
Nikamwambia: zile nzito ziache zilale,
nitengenezee nakala ndogo za kila kipande,
robo ya upana, robo ya urefu, nami nilale.

Alfajiri zilikuwa tayari.
Nyuso madoa, sketi mawimbi,
kofia za wacheza ngoma kama moshi uliokatwa.
Lakini zilikwenda! Nikigusa, zinakwenda,
nikirudisha, zinarudi,
na kwa kuwa macho hayakuwa na cha kushika
nilikata kwa sikio,
kayamba likigeuka, nami nageuka.

Kipande kimoja nilikipenda bila sababu:
ukingoni, nyuma ya muuza viazi,
doa la kijani linayumba
nusu ya pigo baada ya bendi,
kama mtu anayekataa na kukubali.
Nikaliacha lipite. Sekunde nne.

Alhamisi usiku nikamaliza.
Nikaziita picha nzito zirudi mahali pa vivuli,
moja moja, na mashine ikapumua taratibu.
Nikapitisha macho kabla ya kutoa kazi.

Ile sketi ya kijani naijua pindo lake,
nililishona mwenyewe.
Mama.
Mama aliyesema magoti hayamruhusu,
aliyesema tangu baba afe
tarumbeta kwake ni bati linalokwaruzwa.
Amefumba macho. Mkono mmoja
umeinuliwa kidogo, kimo cha bega la mtu
asiyekuwepo kwenye picha.

Chumba cha pili anakohoa.
"Umemaliza? Leo hiyo kitu yako haipigi kelele."
"Bado kidogo," nikasema.

Nikarudisha mkato nyuma,
nikazifanya sekunde saba.