Penye Ain, Alifu

Katika mji wa Yazd, ukimwuliza muuzaji bei
hakutajii bei. Husema: si kitu, chukua.
Nawe huchukui. Unasema haiwezekani,
naye anaapa kwa kichwa chako kwamba ni zawadi,
nawe unaapa kwa kichwa chake kwamba utalipa,
na mara ya tatu, akishusha pumzi kama aliyepigwa mweleka,
anataja bei. Nayo huwa si ndogo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kufagia duka la miwani
la Fundi Kiumars, na hesabu ya kwanza niliyoijua
ni hiyo: moja, mbili, tatu, ndipo fedha.

Akaja Bi Farangis, mwalimu aliyestaafu,
koti lake limepigwa pasi hadi likang'aa viwikoni.
Miwani yake ya zamani ilifungwa uzi kwenye bawaba,
uzi mweusi, ili udhaniwe chuma.
Fundi akampima, akasaga vioo siku mbili,
akamvisha mwenyewe, taratibu,
maana mtu aliyevuliwa miwani ni kama aliyetoka kuoga:
hatazamwi, hupewa taulo.

"Kiasi gani?"
"Si kitu. Chukua."
"Haiwezekani."
"Kwa kichwa chako, mwalimu, zawadi."

Ikawa zamu yake.
Nikasubiri. Fundi akasubiri. Hata birika lilinyamaza.
Mkono wake ukaingia mkobani, ukakaa humo
muda mrefu kuliko pesa zinavyotafutwa,
kisha ukatoka na leso.
"Basi," alisema. "Mungu akuzidishie."

Bisibisi ikanidondoka.

Fundi hakunitazama. Wala hakupepesa.
Alisema, haraka, kama mtu anayefunika sufuria:
"Ni deni langu la zamani. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma."
Uongo. Fundi alisomea Kerman, mbali huko,
kwa mulla mmoja mwenye fimbo;
habari za fimbo hiyo tulizisikia kila Alhamisi.
Bi Farangis akamwangalia kupitia vioo vipya
ambavyo sasa vilimwonesha kila kitu.
"Nakukumbuka," alisema. "Nyuma, karibu na dirisha.
Hesabu ulikuwa hodari. Mwandiko, hapana."

Akatoka. Nikamwona
amesimama barabarani, kidevu juu,
anausoma ubao wetu neno kwa neno,
jinsi asomavyo mtu aliyerudishiwa macho.
Akarudi ndani. Hakusema kwa sauti.
Aliinama sikioni mwa fundi,
nami nilikuwa chini ya meza, naitafuta bisibisi:
"Mwanangu, lile neno miwani. Penye ain umeweka alifu."

Miaka kumi na tisa ubao ule ulikaa juu ya mlango.
Chini yake walipita makarani, mashehe,
mhariri wa gazeti, kila mwaka mpya, na familia yake,
mshairi mmoja aliyekopa fremu na hadi leo hajalipa.
Wote waliusoma. Wote waliuliza hali ya watoto.

Fundi aliiva uso mpaka shingoni.
Kisha akafanya jambo nisilolitarajia: akasimama wima,
kama mvulana wa nyuma, karibu na dirisha,
akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Usiku alipanda ngazi mwenyewe, na kopo la rangi.
Mimi nilishika taa.
"Wewe ulijua?" aliuliza, mgongo kwangu.
Nilijua tangu wiki ya kwanza.
"Mimi? Mimi herufi zenyewe zinanichanganya, fundi."
Brashi ikasita kidogo. Ikaendelea.

Asubuhi rangi ilikuwa bado mbichi,
alifu inachungulia chini ya ain
kama kidole cha mguu chini ya pazia.
Jirani yetu muuza zafarani akatoka, akaangalia juu,
akaangalia tena, akapangusa mikono.
"Fundi," alisema, "huu ubao,
umeufuta vumbi?"