Kiapo cha Mabingobingo

Ngaramtoni, asubuhi, Meru umejifunika.
Nafungua kabati la chuma namba kumi na nne
na harufu ya dawa ya nondo inanipokea
kama shangazi anayekumbatia kwa nguvu mno.

Ndani yamelala, karatasi juu ya karatasi,
marefu, yamekunjwa mara tatu ili yaenee:
mabingobingo ya Kikafu, ya Weruweru, ya bondeni Usa,
shina lenye pingili, jani lenye makali ya msumeno,
suke la rangi ya simba aliyenyeshewa.

Kazi yangu wiki hii ni jina.
Pennisetum, limeandikwa kwa wino
na mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri na muda mwingi.
Mimi nina gundi, vipande vya karatasi, na agizo
aliloniachia Bwana Akyoo kabla ya kwenda kliniki:
kuanzia sasa ni Cenchrus. Bandika chini. Usifute la zamani.

Zamani, anasema, jenasi hizi mbili zilitenganishwa na nywele.
Weka kishuke chini ya lenzi:
zikisimama kila unywele kivyake, huyu;
zikishikana kitakoni, yule.
Mpaka ulikuwa hapo, mwembamba kuliko uzi wa buibui,
na watu waliulinda kama zamu ya maji mferejini.
Baadaye wakachungulia ndani zaidi, kwenye chembe za urithi,
wakakuta ndugu wa tumbo moja
walioishi nyumba mbili bila kuamkiana.

Nikamkumbuka mama, Machame, na kitambulisho chake.
Cheti cha ubatizo kinasema Aikaruwa,
benki Aikarua, kitambulisho kikaja na Alkaruwa,
hiyo L imeingia kama mbuzi shambani.
Tukashuka Moshi, kwa wakili, ghorofani juu ya duka la pembejeo.
Akaapa: majina yote haya ni ya mtu mmoja,
na mtu huyo ni mimi.
Kidole gumba kilikuwa na mkato mbichi, wa mabingobingo.
Alama ikatoka nyeusi, na mstari mweupe katikati.

Basi nabandika.
Karatasi ya ishirini na mbili, ile ya Kikafu,
ina nafasi ya jina la wenyeji.
Mkusanyaji aliuliza, nadhani, huku akifuta jasho,
na mkata majani akajibu bila kusimamisha mundu.
Imeandikwa vizuri, herufi kubwa mwanzoni:
Yangombe.

Nilicheka peke yangu mpaka kabati likaitika.
Ni ya ng'ombe, alisema yule mama. Hakutaja jina,
alitaja njaa iliyokuwa ikimsubiri zizini.

Agizo la Bwana Akyoo halisemi lolote kuhusu Yangombe.
Nimepaka gundi, nimebandika Cenchrus chini yake,
nikabonyeza kwa kidole gumba
nikihesabu hadi thelathini.