Kesi Ambayo Haijazaliwa

Kisuba hajanishtaki.
Ndiyo shida yangu yote, bwana jaji: hajanishtaki.
Anapita tu jioni na futi yake ya chuma,
anaivuta juu ya jiwe jeusi, anaiachia ijirudie, krrr,
kisha ananisalimia vizuri, anauliza watoto.
Kwenye matanga ya Lukogho alisema, kinywa kimejaa bugali:
"Chini ya volkano hakuna mpaka. Tutaona."
Tutaona. Neno hilo nalala nalo mwaka wa tatu.
Fundi anakataa kunipigia msingi.
Watu wa mikopo wanataka kiwanja kisicho na maneno.
Na maneno yapo. Ni moja tu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, pale Goma, mbele ya meza yake,
karatasi ya marehemu ndani ya plastiki ya mkate,
kona moja imeungua.
Nikasema: sidai fidia, sitaki mtu afungwe.
Semeni tu. Semeni kwa sauti, karani aandike,
kwamba mita kumi na tano kwa ishirini na tano
zilizolala chini ya lile jiwe
bado zinaitwa Kavugho.

Jaji akavua miwani. Si mtu mbaya.
"Mama, mahakama haipigi ramli.
Amekuvunjia nini?"
Hakuna.
"Ameleta mawe?"
Mawe, bwana jaji? Kwani pale kuna kingine?
Wakacheka huko nyuma, hata polisi.
"Na hata ugomvi ungekuwepo, sijui kama mlango ni huu wangu.
Lazima niwaze kesi ambayo Kisuba mwenyewe angeileta.
Angelilia ukuta, ni hapa, tribinali ya amani.
Angelilia ardhi, ni kule juu, tribinali kubwa.
Umeniletea kivuli, mama.
Nionyeshe kwanza mti."

Nikashuka ngazi.
Kijana wa chukudu akauliza nina mzigo gani.
Karatasi, nikasema.
Hiyo haina uzito, akasema, akaenda zake.
Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa;
tribinali inataka kwanza niloe,
ndipo iandike kwamba nilikuwa nje.

Alfajiri nikaita vijana wanne wenye nyundo.
Jengeni ukuta, nikawaambia, mawe yenyewe haya haya,
na upande ule wa Kisuba zidisheni shibiri moja.
"Mama, pale si kwako."
Najua.
Shibiri hiyo siiibi. Nabisha nayo hodi.

Saa tatu alifika mbio, shati halina vifungo,
futi imening'inia mkononi kama nyoka aliyeuawa,
Majengo yote ikitoka milangoni kusikiliza:
"Nitakushtaki, Kavugho! Leo leo nitakushtaki!"

Nikamtolea kiti.
Nikamtolea na kalamu.