Ya Tatu Mkiani

Mzee Attrill ana miaka themanini na minne
na magoti yaliyostaafu kabla yake.
Kila Alhamisi husema: nipeleke kwenye uzio.
Basi nasukuma kiti, tunapita kinu cha upepo
kisichosaga tena chochote ila watalii,
hadi ukingo wa uwanja wa Bembridge
ilikoegeshwa, imebabuka rangi.

Siku ya kwanza nilicheka, sikujizuia.
Pua ndefu kama ya mtu mbeya,
miguu imetanuka kama ya mtoto aliyejikojolea,
injini moja kila bawa, sawa, hizo nimezizoea,
lakini hii nyingine, huko juu mkiani,
nani aliisahau pale?

"Haikusahauliwa. Ilikosa pa kukaa."
Walirefusha mwili, abiria wakaongezeka,
mbili zikawa zinahema.
Figa moja haliinjiki chungu, nikasema kwa lugha yangu,
na mawili hukimwaga.
Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba
methali ile ilipitia karakanani kwao.

Yeye ndiye aliyepanda ngazi alfajiri,
Februari, kopo la oili kwapani,
kuinywesha ile ya juu.
Ndani hamkuwa na ujia; kila safu na mlango wake,
na watu waliitwa kwa uzito, si kwa tiketi:
mama wa mikate mbele, kasisi nyuma,
na Doreen kwenye mizani
akimpunguzia kila mtu kilo mbili, kwa heshima,
rubani akizirudisha kimyakimya.
Picha ya Doreen iko juu ya friji.
Hata humo anatabasamu kama anayeficha kilo zako.

Leo tumekuta turubai mkiani.
Ya tatu imeshushwa, imekwenda na mnunuzi.
Akavuta blanketi hadi kidevuni.
"Turudi, chai itapoa."
Chai yenyewe hatujaipika.

Jioni, kumtoa kitini.
Karatasi ya ofisi yasema wahudumu wawili.
Ofisi ina karatasi nyingi.
Nakaza breki, nasawazisha viatu vyake.
"Kushoto," asema, na goti latetemeka.
"Kulia."
Kisha ananyamaza, anangoja,
mpaka kiganja changu kimefika kiunoni, kwa nyuma,
pale asipoweza kujiona.

"Mkia," nasema mimi.

Na tunanyanyuka.